Maji Yaendayo Chini ya Mlima

Wako wasemao, na wengi wao ni watu wa vyeti na wa kalamu, ya kwamba mvua inyeshapo mlimani maji yake hukimbia juu ya ardhi kama maji yamwagwayo juu ya bati, yakaingia mtoni, na mto ukajaa. Mchoro wao twaujua sote. Hapa wingu, hapa mistari ya mvua, hapa mlima, na juu ya mgongo wa mlima mishale ielekeayo chini, yote ikipita juu ya udongo. Isipokuwa mshale mmoja mwembamba ushukao wima mpaka chini kabisa, kana kwamba maji yaliyoingia ardhini hulala usingizi huko wala hayana habari tena na mto. Mchoro huo hunakiliwa katika madaftari, huulizwa katika mitihani, na mtoto aurudiaye bila kukosea hupewa alama zake zote. Sisi twasema ya kwamba kwa milima yenye udongo mwingi, kama hii yetu ya Uluguru, mchoro huo si wa kweli, tena uongo wake hauishii katika daftari.

Hauishii huko kwa sababu mtoto yule hukua akawa mtu wa kujenga nyumba. Mwingine huwa diwani wa kugawa viwanja, na mwingine bwana shamba wa kuwaambia watu wachimbe mfereji hapa wala si pale. Aonapo mteremko usiopita maji juu yake husema, "Hapa ni pakavu, hapa ni salama," akakata ukingo wa kilima apate uwanja. Tarehe 23 Februari 1970, katika Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, mvua ya zaidi ya milimita 100 ilinyesha kwa muda usiozidi saa tatu, na miteremko ikavunjika mahali yapata elfu moja. Tarehe 1 Machi 2010 kijiji cha Nametsi, wilaya ya Bududa, katika mlima Elgon upande wa Uganda, kilifunikwa na udongo, na waliokufa na kupotea walihesabiwa kwa mamia. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya mlima Hanang iliteremka juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, ikaua watu zaidi ya 80. Serikali ikalazimika kutangaza ya kuwa mlima haukulipuka moto wala hapakuwa na tetemeko, bali sehemu yake ilisharabu maji mengi hata ikashindwa kujishikilia. Je, ni wangapi kati yetu waliofundishwa shuleni ya kwamba mlima waweza kunywa maji hata ukaanguka? Neno hilo halimo katika mchoro.

Na tuanze na jambo ambalo kila mtu wa mlimani aweza kulishuhudia mwenyewe. Mvua kubwa ya masika ikiwa inanyesha, na aingie msituni, au katika shamba la migomba lenye majani mengi yaliyooza, atazame chini. Maji yakimbiayo juu ya ardhi atayaona wapi? Atayaona njiani, palipokanyagwa na miguu hata pakawa pagumu. Atayaona uani, palipofagiliwa kila asubuhi tangu siku za bibi zetu. Atayaona barabarani na chini ya michirizi ya mabati. Lakini katika udongo wenyewe hatayaona, maana kila tone liangukapo hupotea. Kisha na ashuke mtoni: mto umejaa, unanguruma. Ikiwa maji hayakupita juu, yamepita wapi? Swali hili ni jepesi hata mtoto wa darasa la tatu aweza kuliuliza, na twadhani angaliliuliza kama asingalionyeshwa mchoro kwanza.

Mchoro huo una asili yake. Mhandisi mmoja wa Marekani, Robert Horton, alieleza mwaka 1933 ya kuwa kila udongo una kipimo chake cha kunywa maji, na mvua ikizidi kipimo hicho, ile iliyozidi hukimbia juu. Hatumdharau Horton. Alisema kweli, na kweli hiyo yadumu hata leo katika nchi kavu yenye ardhi tupu, kama sehemu nyingi za Dodoma, ambako matone ya mvua huupiga udongo na kuufunga kama lipu ya ukuta. Kosa ni la wale walioichukua kweli ya ardhi tupu wakaivika milima yote ya dunia. Udongo wa msitu, na hata wa shamba lililotunzwa vema, hunywa maji upesi kuliko mvua nyingi ziwezavyo kunyesha. Kwa hiyo kile cha kuzidi hakipatikani, na mishale ya mchoro haina maji ya kubeba.

Huko huko Marekani jambo hili lilionekana mapema. Katika milima ya North Carolina, mahali paitwapo Coweeta, palianzishwa mwaka 1934 kituo cha kupima maji ya misitu, na wapimaji wakaona vijito vikijaa wakati wa mvua ingawa juu ya udongo wa msitu hapakuwa na maji yaendayo. Charles Hursh aliandika habari hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1940, na kwa muda mrefu wengi hawakumsikiliza. Katika miaka ya 1960 John Hewlett na Alden Hibbert walijenga kihori kirefu cha saruji juu ya mteremko, wakakijaza udongo, wakaulowesha kabisa, kisha wakaufunika usipate mvua wala jua, wakangoja. Maji yaliendelea kutoka katika mdomo wa chini kwa miezi. Ikajulikana kwamba udongo wa mteremko peke yake waweza kukilisha kijito siku za kiangazi, hata pasipo ziwa lililofichika chini ya mlima kama wengi walivyofikiri.

Sasa maji hayo huendaje? Udongo si kitu kimoja. Juu ni mweusi na mwepesi, umejaa matundu ya mizizi iliyooza, ya mchwa, ya nyungunyungu na ya fuko. Chini yake ni udongo ulioshikamana zaidi, na chini tena ni mwamba, au mwamba uliokwisha kuoza nusu. Maji hushuka upesi mpaka yakutane na tabaka lisiloweza kuyapokea kwa upesi ule ule. Hapo hurundikana, na kwa kuwa tabaka lile limeinama kama mlima ulivyoinama, hugeuka yakaanza kwenda kando, kuelekea bondeni, ndani ya udongo wenyewe. Mengine hupenya kati ya punje na punje, polepole mno. Mengine huingia katika vijia vile vya mizizi na wadudu, na mahali ambapo vijia hivyo vimeungana maji hukimbia kama yaliyomo bombani. Paul Mosley alichimba makato katika miteremko ya Maimai, nchi ya vilima vyenye mvua nyingi katika Kisiwa cha Kusini cha New Zealand, akamwaga rangi juu na kungoja chini. Mwaka 1979 alitangaza kwamba rangi ilifika kwa mwendo uliopita mara mamia ule ambao udongo, ukipimwa peke yake, ungaliuruhusu.

Wengi walidhani neno limekwisha: mvua huingia katika tundu, hukimbia, hutokea mtoni. Lakini Andrew Pearce, Michael Stewart na Michael Sklash walifika katika vilima vile vile na kipimo cha namna nyingine, na mwaka 1986 wakaleta habari iliyowashangaza wenzao. Maji ya mvua moja hayafanani kabisa na maji ya mvua nyingine. Ndani yake zimo atomi chache za oksijeni na za haidrojeni zilizo nzito kuliko nyingine, na kiasi chake hubadilika toka mvua hata mvua, basi maji yaweza kutambuliwa asili yake kama ng'ombe atambuliwavyo kwa chapa. Walipoyapima maji ya kijito kilichojaa, waliona ya kwamba sehemu iliyo kubwa, mara nyingi robo tatu au zaidi, haikuwa maji ya mvua ile iliyokuwa ikiwanyeshea. Yalikuwa maji ya zamani, yaliyokaa ndani ya mlima majuma au miezi, na sasa yanasukumwa nje na yale yaliyoingia nyuma yake.

Twamwomba msomaji asilipite neno hili kwa haraka. Mto ukifurika leo kwa mvua ya leo, maji apitayo juu yake darajani huwa kwa sehemu kubwa ni mvua ya mwezi uliopita. Mlima ni ghala iliyojaa, mlango wake uko chini, na kila mgeni aingiaye kwa juu humtoa nje mwenyeji aliyekuwa karibu na mlango. Huenda mtu akauliza: ikiwa vijia vya mizizi hupitisha maji upesi namna ile, mbona yatokayo si mapya? Jeffrey McDonnell alijibu mwaka 1990, kwa kuipima Maimai ile ile. Maji mapya hushuka katika nyufa mpaka juu ya mwamba, hurundikana hapo, huingia katika udongo uliolowana unaozunguka na kuchanganyika na yale ya zamani ambayo ni mengi mno kuliko yenyewe. Kisha ndipo vijia huyabeba yote pamoja. Upesi ni wa vijia, lakini mzigo ni wa zamani.

Mwalimu asiyeamini na achukue bomba la urefu wa mkono mmoja, alifunge kitambaa upande wa chini, alijaze mchanga, alimwagie maji safi mpaka yadondoke, kisha angoje yakome kudondoka. Halafu amwage juu yake kikombe cha maji yaliyotiwa wino. Kitambo si kirefu maji yataanza kutoka chini, nayo yatakuwa meupe. Wino utafuata baadaye. Tumelifanya jaribio hili mbele ya watoto mara nyingi. Kabla ya kumwaga huwauliza ni rangi gani itakayotoka kwanza, na darasa zima hujibu kwa sauti moja, "Ya wino!" Gharama yake haifiki bei ya daftari mbili, na mtoto aliyeliona hawezi tena kudanganywa na mishale.

Sasa tufike penye hatari. Desturi ya watu wanaokaa chini ya ukingo ni kujifariji wakisema, "Juzi ilinyesha vivi hivi, na nyumba ikasimama." Neno hili hutokana na mchoro, kwa maana juu ya bati mvua ya juzi na mvua ya leo ni sawa: kila moja huja, hukimbia, huisha. Ndani ya udongo sivyo. Katika mlima Panola, jimbo la Georgia, Marekani, lilichimbwa handaki la urefu wa mita 20 chini ya mteremko, kina chake kikafika mwambani, ili kila tone litokalo ndani ya udongo lipimwe. Ilja van Meerveld na McDonnell walizichunguza mvua 147 zilizopimwa hapo, na mwaka 2006 wakatangaza waliyoyaona. Mvua zisizofika milimita 55 zilitoa maji haba sana, karibu si kitu. Mvua zilizopita kipimo hicho zilitoa maji zaidi ya mara 75.

Sababu yake waliipata kwa kuupima mwamba ulio chini ya udongo. Mwamba huo haukulainishwa kama sakafu. Una mabonde na vilima vyake vidogo ambavyo mtu asimamaye juu ya majani hawezi kuvijua. Mvua ndogo hujaza mabonde hayo, kila moja peke yake, kama bakuli zilizopangwa juu ya ngazi. Bakuli la juu likijaa humwagikia la chini yake, na siku bakuli zote zijaapo huungana kuwa njia moja, mteremko wote ukatoa maji kwa pamoja. Kipimo cha milimita 55 ni cha Panola, wala hatusemi ndicho cha Mgeta au cha Lushoto. Kila mteremko una chake kwa kadiri ya kina cha udongo wake na unyevu ulioukuta. Lakini mvua ya juzi iliyopita bila madhara haikuwa rafiki. Ilikuwa ikijaza bakuli.

Na bakuli zikijaa, udongo hupatwa na nini? Punje za udongo hukaa mlimani kwa kushikana na kusuguana, moja ikiilemea nyingine. Maji yakiisha kujaa katikati yake yasipate njia ya kutoka, hupata nguvu ya kusukuma kwa pande zote, hata kwa juu, yakazibeba punje na kuzipunguzia ule uzito uliokuwa ukizibana pamoja. Udongo ambao jana ulisimama kwa sababu ya uzito wake leo waelea, kwa kiasi fulani, juu ya maji yake mwenyewe. Hapo mteremko hukatika. Twaona basi kwamba juu ya ardhi kabla ya saa ile paweza pasiwe na maji yo yote ya kutisha. Tena twaona kwa nini mlima waweza kuanguka baada ya mvua kukoma na jua kutoka: maji ya juu yamekwisha, ya ndani bado yako safarini.

Hayo ndiyo yaliyotokea Mgeta. Paul Temple na Anders Rapp, walioichunguza nchi ile na kuandika habari zake mwaka 1972, waliona kwamba mengi ya maporomoko yale yalikuwa ya udongo wa juu tu, kina cha mita moja hivi au moja na nusu, katika miteremko mikali ya mashamba na majani. Yaliyoanzia katika msitu hayakufika moja katika mia. Mvua ilikuwa ile ile juu ya msitu na juu ya shamba. Tofauti ilikuwa mizizi, ambayo hupita ule udongo wa juu na kushika chini yake kama misumari. Na huko Elgon wachunguzi wameona neno jingine linalopasa kujulikana na kila agawaye viwanja: maporomoko hupenda mahali palipobonyea, pale penye umbo la kiganja, kwa sababu maji ya chini ya udongo kutoka pande mbili hukutana hapo. Mahali pa namna hiyo ndipo watu wapendapo kujenga! Pamekingwa na upepo, udongo wake ni mzito na wenye rutuba, na chemchemi i karibu. Kisha mwenye nyumba huchimba ukingo nyuma yake ili apate uwanja wa sawa, akaondoa ule mguu wa udongo uliokuwa ukiuzuia mteremko mzima.

Wasomaji wengine watasema dawa i tayari, na dawa yenyewe ni matuta na makinga maji. Hapa ndipo twagombana hasa. Makinga maji ni dawa njema kwa ugonjwa wa Horton, yaani mahali ambapo maji hukimbia juu na kuchukua udongo. Lakini mfereji wa sawa uliochimbwa kwa kukingama katika mteremko mkali wenye udongo mwembamba juu ya mwamba huyashika maji usiku kucha na kuyaingiza pale pale tusipotaka yaingie. Aliyeuchimba hukuta asubuhi mfereji mkavu akafurahi, asijiulize maji yamekwenda wapi. Katika milima hii hii ya Uluguru, toka mwaka 1950, serikali ya Waingereza iliwalazimisha watu kuchonga ngazi katika miteremko, na wakulima walilalamika kwamba kazi ni nyingi na udongo mbaya wa chini unaletwa juu. Mambo yakaishia katika ghasia za mwaka 1955, na mpango ukaachwa. Historia huisimulia habari hiyo kuwa ni ya siasa, nayo ilikuwa ya siasa. Sisi twaongeza kwamba ilikuwa pia habari ya watu waliotunga sheria ya mlima kwa kuyatazama maji ya juu tu. Wasioamini na waende Mgeta wazione ngazi za wenyeji wenyewe, ambamo majani na takataka za shamba hufukiwa ili udongo ubaki mwepesi, wapate kulinganisha.

Wala hatuko upande wa wale waimbao kwamba msitu ni sifongo, panda miti tu na mito itajaa kiangazi. Wimbo huu nao hutokana na kutotazama ndani ya ardhi. Toka miaka ya mwisho ya 1950, katika milima ya Mbeya, yalipimwa kwa muda wa miaka kumi hivi maji ya mabonde mawili madogo, moja la msitu wa asili na moja lililolimwa na wakulima katika miteremko mikali. Wengi walitazamia bonde lililolimwa litakauka na udongo wake utakwisha. Ikawa sivyo. Kijito cha bonde lililolimwa kilitoa maji mengi zaidi, na wakati wa kiangazi kilipita cha msituni kama mara mbili, kwa kuwa miti hunywa maji mwaka mzima na mazao hayanywi vile. Na udongo haukuchukuliwa kwa wingi uliohofiwa, maana udongo ule ni wa majivu ya volkano, una vitundu vingi ajabu, hata mvua kubwa huingia yote. Je, twasema basi misitu ikatwe? La hasha. Mgeta imekwisha kutuonyesha kazi ya mizizi katika udongo mwingine na mteremko mwingine. Twasema mti ushike udongo kwa sifa yake ya kweli, usipewe sifa ya uongo. Maana siku wanakijiji watakapopanda miti na kuona kijito kimepungua, watamwona mwalimu kuwa mwongo katika yote.

Na kwa kuwa tumetaja uongo, na tuwatetee wazee kidogo. Katika Malawi milima iangukapo watu husema ni Napolo, nyoka mkubwa akaaye chini ya mlima, ambaye hutoka na maji na kubomoa kila kitu njiani mwake. Walisema hivyo Zomba mwaka 1946. Walisema hivyo Phalombe mwaka 1991, watu walipokufa kwa mamia. Wenye vyeti hucheka. Lakini na tuyaweke maneno mawili mizanini. Mzee asema: hatari hukaa ndani ya mlima, husafiri chini ya ardhi, hutokea ghafula pale maji yatokapo. Mwenye mchoro asema: maji hupita juu. Nyoka hayupo, hilo twalikiri upesi. Lakini kuhusu mahali penyewe mzee yu karibu na kweli kuliko kitabu. Naye huyo mzee mara nyingi ndiye ajuaye dalili ambazo mchoro hauwezi kuzieleza: chemchemi iliyokuwa safi ikageuka tope pasipo mtu kuichezea, au ikakauka ghafula katikati ya masika, au maji yakabubujika mahali pasipokuwa na maji; ufa wa mviringo juu ya shamba; mlango uliokuwa ukifunga vema ukaanza kukwama. Yote hayo ni habari zitokazo ndani ya mlima, na mtoto wa shule aweza kuziandika katika daftari la darasa na kulipeleka kwa mtendaji wa kijiji mvua zikiwa zingali zanyesha.

Twajua neno tutakalojibiwa na wenzetu: mtihani haulizi haya. Basi twawauliza na sisi. Mtihani umeuliza mara ngapi jinsi ya kuondoka nyumbani usiku? Muhtasari wa masomo si jiwe. Unaandikwa na watu, na wakati unapongojewa uandikwe upya hapana sheria imkatazayo mwalimu wa jiografia kuongeza mistari michache ubaoni. Afute mishale yake nusu ya juu, achore tabaka tatu za udongo, na mishale aipitishe ndani, ikiinama juu ya mwamba. Chokaa ni ile ile.

Na wagawao viwanja wana kazi nyepesi zaidi kuliko wadhanivyo. Kipande cha nondo cha mita mbili na nyundo vyatosha kujua mahali pamoja pana udongo wa kina gani: hupigwa mpaka igonge mwamba, hupimwa, huhamishwa hatua tano, hupigwa tena. Watoto wa darasa la saba waweza kuupima mteremko mmoja kwa siku mbili, na karatasi yao itaonyesha bakuli za mlima ziko wapi, na ukingo upi haupasi kuguswa na jembe la mjenzi. Kisha na aende mtu mmoja, katikati ya masika, siku ya pili baada ya mvua kubwa, atembee chini ya mteremko ule ule akiweka kijiti kila mahali maji yanapochuruzika kutoka ukingoni. Penye kijiti pasijengwe. Wapima ardhi watasema kungoja masika ni kupoteza miezi, na mwenye kiwanja amekwisha kununua saruji.

Saruji yaweza kungoja chini ya turubai.